Hitilafu Iliyokosa Fomu

Buya alizikwa Kulesa siku ya Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, na kabla udongo wa kaburi haujakauka nilikuwa nimekwisha kusikia uwongo juu yake. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa jamvi, nyuma ya wanaume wawili walio na umri wa wanangu. Mmoja alimwuliza mwenzake marehemu alifanya kazi gani kabla ya kurudi kulima ndizi. "Dereva wa serikali, pale Garsen," akajibiwa. "Walimfukuza. Si ndiye aliyechoma injini ya kile kigari cheupe, mwaka ule baada ya mafuriko?" "Aliichomaje?" "Mbio, ndugu yangu. Alikuwa akikanyaga kama anafukuzwa na nyuki." Wakacheka kwa kubana midomo, kama wanavyocheka watu wanaokumbuka ghafla kwamba wako matangani. Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza kwa lugha ya heshima. Tena wale vijana hawakuzua kitu. Walikuwa wakirudia yaliyoandikwa katika ripoti rasmi, na ripoti hiyo najua ilipigwa chapa na nani, kwa mashine ipi, asubuhi ya siku gani. Niliipiga mimi.

Mimi si mwandishi. Nilikuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na karani hafundishwi kupamba. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoyatenda, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Idara yetu sitaitaja; yatosha kusema kwamba ilipewa kazi ya kuzunguka vijijini na kuorodhesha hasara za mafuriko. Mkubwa wetu naye sitamtaja jina. Simstahi hata kidogo, lakini ana watoto, na watoto hawakumtuma. Nitamwita Afisa, kama tulivyomwita wakati ule, tukisimama.

Mwaka wenyewe ni 1998, nami nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Ofisi yetu ya Garsen ilikuwa vyumba viwili na stoo. Maji yalikuwa yameingia mpaka usawa wa kiti na kukaa humo kwa majuma, na yalipoondoka yaliacha mstari wa kahawia ukutani, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Chini ya mstari ule kila kitu kilikuwa kimeharibika: droo zilizovimba zisifunguke, marundo ya fomu zilizogandamana zikawa kama matofali, rafu ya mbao iliyochipua uyoga. Juu ya mstari kila kitu kilikuwa kama kawaida, na mimi nilijihesabu miongoni mwa vitu vya juu ya mstari. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa yaliyoletwa na wanawake wa Kiorma, maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, pamoja na mahamri yaliyopoa. Mchana tulikula ugali na kambare, kwa maana mwaka ule kambare walikuwa wengi mpaka watu wakawachoka. Walivuliwa kwenye madimbwi ya mashambani, mahali palipotarajiwa mahindi. Afisa alikula peke yake chumbani mwake, mlango wazi, ili aweze kusikia tunayosema. Nayo yakasikika pande zote mbili, kwa sababu ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa ubao laini uliooza kwa chini.

Kiangazi kilipokausha barabara tuliletewa gari. Lilikuwa dogo, jeupe, la milango minne, na madereva wa magari makubwa ya idara nyingine walikuja kulitazama kama watu wanaokwenda kumtazama mtoto aliyezaliwa na meno. "Buya," mmoja alimwambia, "hilo ukilifunga kamba utaliongoza kama mbuzi." Buya hakukawia: "Mbuzi wangu anakunywa kidogo. Nyinyi mnafuga viboko." Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, Mpokomo wa mtoni, mrefu, mpole wa mikono, na mwenye ulimi. Tofauti ya gari lile na tuliyoyazoea ilikuwa ndani. Halikuwa na kabureta. Petroli ilisukumwa kwa nguvu hadi kwenye nozeli nne, moja kwa kila silinda, na kila nozeli ilikuwa na tundu dogo mno ambalo kazi yake ni kuigeuza petroli kuwa ukungu kabla haijawaka. Buya alikuwa amefundishwa habari hizo mjini Mombasa kwa wiki mbili, na alirudi akiwa na adabu mpya. "Kabureta ni kama koo la ng'ombe, Bwana Karani," aliniambia. "Hata mwiba unapita. Hizi ni kama jicho. Chembe moja tu, linafumba."

Petroli yetu ilikuwa stooni, katika mapipa yaliyoletwa kwa lori kabla ya mvua. Maji yalikuwa yameyazingira hadi katikati, kutu ikayala kwa nje na, kama ilivyodhihirika, kwa ndani pia. Buya alipofungua kizibo cha pipa la kwanza alinusa, akakunja uso, akasema inanuka vanishi. Hakuwa na nyingine. Basi akafanya ambalo mtu wa mtoni angelifanya. Maji ya Tana hutekwa yakiwa na rangi ya chai. Kwao humiminwa mtungini, hufunikwa, hayaguswi mpaka tope litue, kisha huchotwa ya juu kwa kata, polepole, bila kutikisa. Ya chini hanywi mtu. Humwagiwa mgomba. Buya alilitendea pipa vivyo hivyo. Alilipandisha juu ya matofali, akaliinamisha kidogo, akatukataza sote kulisogelea kwa siku mbili, kisha akavuta kwa mpira petroli ya juu tu na kuipitisha kwenye kitambaa kizito. Robo ya chini aliiacha. Gari likaenda wiki nzima bila kukohoa, na mimi nikaja na ufito wangu wa kupimia.

Naomba msomaji aelewe kwamba kanuni ya stoo ilikuwa wazi: pipa jipya lisifunguliwe mpaka la awali lipimwe na kuthibitishwa kuwa tupu. Kanuni hiyo iliwekwa kuzuia wizi, na ilikuwa kanuni nzuri. Nilichovya ufito, nikautoa, nikamwonyesha palipolowa.

"Hili si tupu, Bwana Buya."

"Kwa gari ni tupu. Kilichobaki ni tope na maji."

"Ufito unaonyesha robo."

"Ufito haunusi, Bwana Karani."

"Siwezi kuandika tupu pipa lenye robo."

"Basi andika robo ya tope."

"Hakuna safu ya tope."

Aliniangalia akiwa na lile tabasamu la mtu anayedhani umetania. Sikuwa nimetania. Sauti ya Afisa ikatoka chumbani, mdomo umejaa: "Mwambie serikali haimwagii ndizi petroli!" Nikacheka. Naandika hapa kwamba nilicheka, kwa sababu ningependa kuliruka na sina haki ya kuliruka. Siku hiyo hiyo Afisa aliagiza pampu ya mkono yenye bomba refu linalogusa sakafu ya pipa, na kuanzia hapo kila pipa lilinyonywa mpaka tone la mwisho, kutu, maji na ule utelezi mweusi uliokuwa chini, nami nikaandika "tupu" kwa mwandiko ambao wakubwa wangu walikuwa wakiusifu.

Nimesoma tangu wakati ule, na nimewauliza mafundi wengi, na wote wameniambia jambo moja: nozeli iliyoziba haiui injini kwa kishindo. Ingekuwa kwa kishindo tungesimama. Gari linaendelea kwenda, na hapo ndipo hatari ilipo. Linatetemeka kidogo likisimama, kama mtu mwenye baridi. Linakosa nguvu kwenye tuta. Silinda tatu zinakula sawasawa na ya nne inapewa nusu ya chakula huku hewa ikijazwa ile ile, na mchanganyiko mwembamba wa namna hiyo huwaka kwa joto kali kuliko ulio kamili. Dereva asiyejua hulikanyaga zaidi ili kufidia. Dereva anayejua huomba gari lisimamishwe. Buya aliomba. Kwanza ilikuwapo filta iliyotukinga, ikaziba, akaiweka nyingine. Ilipoziba ya pili hapakuwa na ya akiba, na Buya alikuwa amekwenda nyumbani siku mbili kumwuguza mkewe. Afisa alikuwa na safari ya Tarasaa. Alimwita fundi wa sokoni, akamwamuru aitoe filta na kuunganisha bomba moja kwa moja. "Mafuta si mnayachuja kwa kitambaa?" alisema. "Yachujwe mara ngapi, ni maziwa ya mtoto?" Nilisimama pale. Kazi hiyo nilipaswa kuiandika katika fomu ya matengenezo, lakini fomu za matengenezo zilikuwa zimelowa, na niliona si utaratibu kuiandika penginepo.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo linalonikosesha raha hata leo. Buya aliporudi na kukuta filta haipo, hakugombana. Alichukua daftari la safari na katika safu ya maoni akaandika, kwa penseli, kwamba gari halina filta, linakosa silinda moja, na anaomba nozeli zitolewe zikaoshwe Malindi. Jioni nilipokuwa nikikagua daftari niliyaona maneno hayo, nikamwita. Nilimweleza, kwa upole kabisa, kwamba safu ile ni ya maoni ya safari: hali ya barabara, vivuko, muda uliopotea. Hitilafu ya gari ina fomu yake, ya rangi ya waridi.

"Nipe hiyo ya waridi, basi," akasema.

"Zimeharibika zote. Nimeagiza nyingine Hola."

"Zitakuja lini?"

"Zitakuja."

"Na gari lingoje fomu?"

"Gari lisingoje. Lakini daftari lisichafuliwe."

Nikachukua raba. Nilimfutia mimi mwenyewe, nikapuliza vumbi la raba, nikamrudishia. Alisema, "Mdogo wangu, umenifuta mimi hapo," nami nikamwambia aache kukuza mambo. Baada ya hapo alikuwa akija kuniambia kwa mdomo, kila Ijumaa, na mimi nikimjibu kwamba nimesikia. Mara moja alikuja na plagi nne za injini amezitandika juu ya gazeti, akaziweka mezani kwangu juu ya orodha za watu wa Idsowe waliopoteza mbuzi. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia, kama mkate ulioiva. Ya nne ilikuwa nyeupe kama chokaa, na ncha yake imeanza kuliwa. "Hii ni ya silinda ya tatu," alisema. "Itazame. Mwenzako anaungua na wewe unamwangalia." Nilimwambia aondoe vyuma vichafu juu ya faili. Afisa alitoka chumbani, akaitazama ile plagi nyeupe, akasema, "Si hii ndiyo safi kuliko zote?" Hakuwa mjinga. Alikuwa amezoea tu kwamba akishasema jambo mbele ya watu, basi ndivyo lilivyo, na sisi ndio tuliomzoesha.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Bura. Kulikuwa na mkutano kwenye mradi wa umwagiliaji, wakubwa kutoka Nairobi walitarajiwa, na Afisa hakutaka kuonekana akishuka kutoka kwenye lori la mtu. Asubuhi ile Buya alisimama mbele ya gari, mkono juu ya boneti, akasema hadharani kwamba halitafika. Afisa akamwambia, "Wewe ni dereva au ni mganga?" Wafanyakazi wakacheka. Tukaondoka watatu: Buya, Afisa mbele, na mimi nyuma na faili zangu magotini. Mwendo wetu naukumbuka kwa uhakika wa kazi yangu, kwa sababu nilikuwa nikiandika saa ya kila kijiji tulichopita. Tulikwenda polepole mno. Kwenye vipande vibaya vya barabara watu wa baiskeli walitupita, na mmoja aligeuka akatupungia mkono kwa kejeli. Hakuna siku aliyoliendesha Buya gari lile kwa uangalifu kama siku ile. Alikuwa akiliendesha kama mtu aliyebeba mayai kwenye kikoi.

Tulipokuwa tumeiacha Wenje, mlio ukabadilika. Ulikuwa kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Buya akasimama pembeni bila kuzima, akasema, "Bwana Afisa, inagonga. Tukiizima sasa tukaivuta, tutaiokoa. Tukiendelea itatoboka." Afisa alitazama saa. "Endesha." "Bwana Afisa—" "Nimesema endesha. Ni amri, na karani ni shahidi." Kando ya barabara palikuwa na Muorma mmoja na ng'ombe wake, ameegemea fimbo, ameyasikia yote kupitia dirisha lililo wazi. Akainama akalitazama gari, kisha akamtazama Afisa. "Ng'ombe yangu akihema hivi," alisema kwa Kiswahili chake cha bara, "mimi napumzisha. Wewe napiga?" Afisa akafunga kioo. Buya akaingiza gia. Hatukumaliza kilomita mbili. Palisikika mlio mmoja mkavu, gari likatetemeka lote, moshi wa samawati ukatufunika kwa nyuma, na pakawa kimya. Buya alishuka, akafungua boneti, akasimama akiitazama injini mikono imemning'inia, na mimi niliyekuwa nimeketi nyuma na kalamu mkononi niliandika: saa tano na dakika arobaini, gari limesimama.

Huko Malindi gari lilikovutwa, mafundi walikuta pistoni ya silinda ya tatu imetobolewa na joto, tundu la kuingia kidole, na nozeli yake imezibwa na kutu na nyuzi za kitambaa. Fundi aliyelifungua alieleza hayo kwa simu, mimi ndiye niliyeipokea, na nikamwambia atutumie kwa maandishi. Afisa alinishika mkono ule ule nilioshikia simu. "Maandishi ya nini?" alisema. "Unataka kuwaambia petroli ya stoo yako ni chafu? Stoo ni ya nani?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuiita stoo ile yangu. Nilimpigia fundi tena, nikamwambia asijisumbue. Kesho yake Afisa alinisomea ripoti, nami nikaipiga chapa nakala nne: dereva aliendesha kwa kasi ya kupita kiasi katika barabara mbovu licha ya kuonywa. Sikukosea hata herufi moja.

Kamati ya nidhamu iliyomhoji Buya ilikuwa ya watu watatu, ikaketi chumbani mwa Afisa, na Afisa aliketi pembeni yao kama mwenyeji. Walipewa soda na kuku. Buya alisimama. Sijui kwa nini hakupewa kiti. Viti vilikuwapo, na kazi ya kuvipanga ilikuwa yangu. Alieleza mambo yake kwa mpangilio kuliko ripoti yetu: vanishi, kutu, pampu, filta, plagi nyeupe, changarawe. Mwenyekiti alisikiliza huku akifuta vidole, kisha akanigeukia.

"Karani. Kuna kumbukumbu yoyote ya dereva kuripoti hitilafu ya gari hili?"

Kulikuwa na miezi mitatu ya Ijumaa. Kulikuwa na alama ya penseli iliyofutwa, ambayo mtu akiiinamisha karatasi kwenye mwanga angeliweza kuisoma hadi leo.

"Hakuna, Bwana Mwenyekiti."

"Bwana Karani," Buya akasema, bila kupaza sauti, "si wewe uliyenikataza kuandika?"

"Utazungumza ukiulizwa," mwenyekiti akamkata, lakini udadisi ulimshinda. "Ulimkataza?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Kazi ya mtu mwingine ilikuwa imening'inia kwenye jibu langu, na sote mle ndani tulilijua hilo, hata wale wageni watatu waliotaka kuwahi barabara kabla jua halijawa kali. Afisa hakunitazama. Hakuwa na haja.

"Nilimwelekeza afuate utaratibu, Bwana Mwenyekiti."

Mwenyekiti akaandika. Neno utaratibu lilimpendeza. Niliona kalamu yake ikilipigia mstari. Nami sikuwa nimesema uwongo, na hilo ndilo linalonighadhibisha kuliko lolote. Katika majibu yangu yote hapakuwa na sentensi moja ambayo mahakama ingeweza kuniambia ni ya uwongo. Nilimwangamiza mtu kwa maneno ya kweli, yaliyopangwa vizuri, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa usahihi wake. Nawakasirikia wale watatu waliokula kuku wetu na hawakuomba kuona pistoni. Namkasirikia Afisa, ambaye mwaka uliofuata alipandishwa cheo na kuhamishiwa mahali penye lami. Lakini wao walihitaji mtu wa kuwatengenezea faili safi, na mtu huyo hawakumtafuta mbali. Buya aliachishwa kazi kwa uzembe, hana haki ya kuajiriwa tena serikalini. Kwa neno hilo uzembe hakuna idara, shirika wala tajiri aliyemkabidhi usukani tena. Alikwenda Kulesa, kwa shamba la wakwe zake, akalima mpaka alipokufa. Fomu za waridi zililetwa mwezi mmoja baada ya kuondoka kwake. Nilizipanga kwenye rafu ya juu kabisa.

Basi siku ya mazishi, wale vijana walipocheka, niliinuka. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema kwa sauti, mbele ya jamvi zima, kwamba Buya hakukanyaga mbio. Kwamba siku ile baiskeli zilitupita. Kwamba injini ilikufa kwa petroli chafu, na kwamba mtu aliyemlazimisha kuitia, kisha akaifuta kauli yake kwa raba, kisha akaipiga chapa ripoti hiyo wanayoirudia, ni mimi. Mmoja wa wale vijana akasema, "Tuwie radhi, mzee, nasi tulisikia tu." Mzee mmoja akaninong'oneza niketi, shughuli iendelee. Sinia za wali zilikuwa zimeanza kuletwa, na kwa kuwa nilikuwa mgeni wa mbali binti mmoja alinijia na sahani yangu peke yangu, wali na kitoweo cha mbuzi. Kabla sijaipokea, mwanamke mtu mzima akaja akaniambia Mama Amina ananiita. Mama Amina ni mjane wa Buya. Nilisogea hadi mlangoni. Yeye alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama inavyompasa mwenye eda. Yule binti alisimama kando yangu na sahani yake, akingoja.

"Karani," sauti ilisema, "hayo uliyosema huko nje, uliyajua tangu lini?"

"Tangu siku zile zile, mama."

"Na njia ya Kulesa hukuijua?"

Kutoka Garsen ni mwendo mfupi, na kwa miaka mingi nimepita karibu nikiwa na safari zangu.

"Alikungoja," akasema. "Miaka ile ya mwanzo, kila gari likisimama barabarani alikuwa akiinua kichwa. Alisema, yule karani si mtu mbaya, atakuja aseme. Baadaye akaacha kuinua kichwa. Ungalikuja yuko hai angekutukana mpaka akauke koo, kisha angekuambia kaa ule. Ndivyo alivyokuwa yeye. Mimi sivyo nilivyo. Pole zako nimezipokea, Mungu akulipe kwa kuja. Chakula changu hutakula."

Binti aliniangalia, akaliangalia pazia, akaondoka na sahani akaipeleka kwa mtu mwingine. Nilitafuta viatu vyangu miongoni mwa viatu vya watu, nikavivaa, nikaanza kutembea kuelekea barabarani, na harufu ya wali ikanifuata hadi kwenye migomba ya mwisho. Nilikuwa na njaa. Katika shauri lile lote, huo ndio uamuzi pekee uliotolewa na mtu aliyekwisha kuusikia ushahidi wote, na sikuukatia rufaa.